Je, Wajua? Kompyuta Yako Baada ya Sasisho

Je, wajua kwamba maradhi mengi ya kompyuta yana siku yake maalumu? Tangu Oktoba 2003, Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za jimbo la Washington yaliko makao yake makuu. Kwetu Afrika Mashariki wakati huo ni saa 2 usiku, na huwa saa 3 usiku katika kipindi ambacho Wamarekani wamerudisha saa zao nyuma. Kwa hiyo laptop ikilala nzima Jumanne na kuamka na homa Jumatano, usianze kwa kuwafokea watoto. Tazama kalenda kwanza.

Wahalifu nao huisubiri Jumanne hiyohiyo. Sasisho likishatoka, hulilinganisha na faili za zamani ili wajue ni tundu gani limezibwa, kisha huenda kuwatafuta ambao hawajaziba. Programu haribifu ya Slammer ilizuka Januari 2003. Kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Julai 2002. Blaster ilikuja Agosti 2003. Kiraka kilitoka Julai. WannaCry ilipozuka tarehe 12 Mei 2017, dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa siku 59 kabla, tarehe 14 Machi. Hata hivyo ilizikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikawa zinawarudisha wagonjwa nyumbani. Kijana wa Kiingereza, Marcus Hutchins, ndiye aliyeikata makali, tena karibu kwa bahati: aliona programu ile inaulizia anwani ya tovuti isiyo na mwenyewe, akaisajili, na maambukizi yakapungua kasi papo hapo. Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, mfumo ambao ilikuwa imeacha kuuhudumia tangu Aprili 2014.

Nimeyatanguliza haya makusudi. Yanayofuata ni visa vya masasisho yaliyoharibu, na sitaki msomaji amalize safu hii akazime masasisho yote.

Faili zimekwenda wapi?

Je, wajua kwamba kuna sasisho la Windows lililofuta kweli kazi za watu? Ni toleo la 1809 la Windows 10, lililoachiwa tarehe 2 Oktoba 2018. Waliopata hasara ni wale waliohamisha folda yao ya nyaraka, tuseme kutoka diski C kwenda D, na wakaacha baadhi ya faili kwenye folda ya zamani. Sasisho liliiona folda ile ya zamani kama nakala isiyohitajika, likaiondoa pamoja na vilivyomo. Kabla wiki haijaisha Microsoft ililisimamisha, ikasema walioripoti hasara hiyo ni sehemu moja tu ya mia ya asilimia moja ya waliosasisha. Uchache huo haumpunguzii machungu mwanafunzi ambaye tasnifu yake imo ndani ya sehemu hiyo. Linaloudhi zaidi ni kwamba baadhi ya watu waliojitolea kulijaribu toleo hilo mapema walikuwa wamekwisha kuitaarifu kampuni, lakini ripoti zao zilizama kwenye rundo la ripoti nyingine. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba, limetengenezwa.

Kisa cha namna hiyo ni nadra. Kinachowapata wengi ni kile cha Februari 2020, pale sasisho namba KB4532693 lilipowaamsha watu kwenye kompyuta iliyo tupu kabisa: hakuna picha ya ukutani waliyoiweka, hakuna faili hata moja juu ya meza. Mfumo ulikuwa umewaingiza kwenye akaunti ya muda, na vitu vyao vyote vilikuwa salama mahali pengine kwenye diski. Ukikutana na hali hiyo, usihifadhi kitu chochote kipya humo, kwa sababu akaunti ya muda inaweza kufutika pamoja na ulichokiweka. Washa upya mara mbili tatu. Isiporudi, fungua diski C, ingia kwenye folda ya Users, utazame ndani ya folda yenye jina lako. Halafu tazama folda ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Kuna masasisho yanayokushawishi ukubali kuhifadhiwa huko, na ukishabofya kukubali bila kusoma, nyaraka zako huhamia humo kimyakimya.

Na hizo herufi KB, usizisome kama kilobaiti. Ni namba ya makala inayolieleza sasisho hilo. Iandike. Ndiyo itakayomwezesha fundi, au wewe mwenyewe, kujua kama wengine nao wanaugua.

Imeganda kwenye asilimia 30

Je, wajua kwamba asilimia unazoziona kwenye skrini si kipimo cha muda? Zinahesabu hatua za kazi, na hatua hazilingani. Moja huchukua sekunde kumi, inayofuata huchukua nusu saa, hasa kwenye kompyuta yenye diski ya kuzunguka, ile ya zamani inayolia kwa ndani. Kataa kishawishi cha kuizima kwa nguvu. Itazame taa ya diski: ikiwa inapepesa, kazi inaendelea. Mimi huwashauri watu waiache usiku kucha kabla ya kukata tamaa.

Umeme ukikatika katikati, mara nyingi si msiba. Windows hutunza kumbukumbu ya ilipofika, na umeme ukirudi itaendelea au itatendua ilichofanya na kurudi ilikotoka. Cha kuogopa ni sasisho la BIOS, ile programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows yenyewe. Hilo likikatika njiani, mashine inaweza kugoma kabisa kuwaka. Ndiyo maana watengenezaji husisitiza chaja iwe imechomekwa na betri iwe na chaji. Kwa kompyuta ya mezani, bila UPS, usiliguse siku yenye dalili za mgao.

Linux nayo haijasalimika upande huo. Desemba 2017, toleo la 17.10 la Ubuntu liligundulika kuwa linaharibu BIOS ya baadhi ya laptop, nyingi zikiwa za Lenovo, na Canonical, kampuni inayotoa Ubuntu, ililazimika kuliondoa hadi Januari.

Ijumaa ya bluu

Je, wajua kwamba mkasa mkubwa kabisa wa skrini ya bluu, ile inayotokea Windows inapoanguka, haukusababishwa na sasisho la Windows? Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili moja ndogo ya taarifa kwa kompyuta za wateja wake duniani kote. Faili ilikuwa na kasoro, na programu iliyoisoma ilikuwa imekaa kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa la programu moja huangusha mashine nzima. Saa 2:27 kampuni iliirudisha nyuma. Dakika 78. Kufikia hapo kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeanguka, na zikiwashwa zinaanguka tena.

Milioni 8.5 ni chini ya asilimia moja ya kompyuta zote za Windows. Lakini ile asilimia moja ndiyo iliyokuwa viwanja vya ndege, benki na hospitali, kwa kuwa ni mashirika makubwa yanayonunua ulinzi wa aina hiyo. Delta Air Lines ya Marekani ilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku zilizofuata. India, abiria wa IndiGo walipewa kadi za kupandia ndege zilizoandikwa kwa kalamu, na kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa utaratibu bora zaidi siku ile.

Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi: iwashe kompyuta katika hali salama, futa faili inayoanza na C-00000291, washa upya. Taabu ni kwamba mtu alipaswa kuifikia kila mashine kwa miguu yake, kwa kuwa mashine isiyowaka haipokei amri ya mbali. Na kwenye mashine zilizofungwa kwa usimbaji, ilihitajika namba ya siri ambayo mara nyingine ilikuwa imehifadhiwa kwenye seva ambayo nayo imeanguka.

Je, wajua kwamba jambo kama hilo lilikuwa limewahi kutokea? Tarehe 21 Aprili 2010, programu ya McAfee ilipokea sasisho lililoihukumu svchost.exe, faili halali na ya lazima ya Windows XP, kuwa ni kirusi, na kompyuta zikaanza kujizima na kujiwasha ovyo katika maofisi ya nchi nyingi. Afisa mkuu wa teknolojia wa McAfee wakati huo alikuwa George Kurtz. Mtendaji mkuu wa CrowdStrike mwaka 2024 alikuwa George Kurtz.

Printa imegoma

Wenye steshenari watalikumbuka hili. Sasisho la tarehe 9 Machi 2021 liliiangusha kompyuta kwa skrini ya bluu kila mtu alipobofya kuchapa, na printa zilizotajwa ni pamoja na za Kyocera, zile mashine nzito zinazotoa fotokopi karibu kila lango la chuo. Marekebisho yalitoka ndani ya siku chache, lakini hata baada yake baadhi ya kurasa zilitoka na michoro pungufu. Ikabidi yarekebishwe marekebisho.

Miezi minne baadaye, Julai 2021, lilitangazwa tundu la hatari katika sehemu ya Windows inayoshughulikia uchapaji, likaitwa PrintNightmare. Kuanzia Agosti, kufunga draiva ya printa ya ofisini kukahitaji nywila ya msimamizi wa mfumo. Kwa hiyo kama printa inadai nywila ambayo zamani haikuidai, usidhani imechezewa. Iondoe kwenye orodha ya printa, mwite mwenye nywila, aifunge upya kwa draiva iliyotoka kwa mtengenezaji.

Bando limekwenda wapi?

Je, wajua kwamba sasisho la Windows liliwahi kuwatia hofu walinzi wa wanyamapori katikati ya pori la Jamhuri ya Afrika ya Kati? Mwaka 2016, watu wa mradi wa hifadhi ya Chinko, wanaopambana na majangili wenye silaha, waligundua kwamba laptop waliyopewa na wafadhili imeanza kujipakulia Windows 10, mzigo wa GB 6, kupitia intaneti ya setilaiti ambayo wanailipia kwa kiasi wanachotumia. Hawakuwa wameiomba. Mwaka ule Microsoft ilikuwa inawasukumia watu Windows 10 bure, na ilisukuma kwa nguvu mno. Huko California mwanamke mmoja mwenye biashara ndogo aliishtaki kwa kuharibiwa kompyuta ya kazini, akalipwa dola 10,000.

Pori si letu, lakini bando ni letu. Laptop ikiunganishwa kwenye hotspot ya simu, mara nyingi huiona kama Wi-Fi ya kawaida tu, isijue kuwa kila MB inalipiwa. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua Wi-Fi hiyo, uiwekee alama kuwa ni muunganisho wa kipimo. Kuanzia hapo Windows haitapakua masasisho mengi bila ruhusa yako. Ni kazi ya dakika moja, na sijui kwa nini maduka yanayouza laptop hayaifanyi kabla ya kumkabidhi mteja.

Kwamba kompyuta yako inaweza kuwa inawagawia wengine masasisho? Windows 10 ilikuja na utaratibu wa kompyuta kupeana vipande vya masasisho zenyewe kwa zenyewe, ndani ya ofisi na hata nje kwa watu usiowajua. Kwenye intaneti kafe au maabara ya shule ni neema: mashine moja inapakua, nyingine zinachota kwake. Kwa mwenye bando la wiki ni hasara. Ruhusu kompyuta za mtandao wako tu, au uzime kabisa.

Kwamba usipowasha kompyuta miezi sita hutadaiwa masasisho sita? Tangu Windows 10, la mwezi huu hubeba ndani yake yote yaliyotangulia. Moja linatosha.

Kuzima si kuwasha upya

Hili watu hulibishia, lakini ni kweli. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibofya kuzima, kwenye kompyuta nyingi kiini cha mfumo hakifungwi. Huhifadhiwa kwenye diski ili kesho mashine iwake haraka. Ukitaka mfumo uanze upya kabisa, chagua kuwasha upya. Ndiyo sababu kompyuta inayozimwa kila jioni inaweza kuonyesha kwamba ina wiki mbili haijapumzika. Baada ya sasisho lolote lenye matatizo, dawa ya kwanza ni kuwasha upya, na ukitaka kuzima kikwelikweli, shikilia kitufe cha Shift unapobofya kuzima.

Enzi za Windows 95 na 98 kupumzika kulikuwa lazima. Ndani yake kulikuwa na kihesabio cha sehemu za elfu za sekunde, kilichojaa kikifika 4,294,967,296, yaani siku 49.7. Hapo mashine inaganda. Wachache waliligundua mapema, kwa kuwa Windows ya wakati ule ilikuwa vigumu kufikisha siku 49 bila kuanguka kwa sababu nyingine.

Upande wa Apple na simu

Je, wajua kwamba Mac ziliwahi kuugua hata za wasiosasisha? Tarehe 12 Novemba 2020, Apple ilipoachia macOS Big Sur, seva yake inayothibitisha kama programu ni halali ilielemewa. Mac huiuliza seva hiyo unapofungua programu. Seva ilipochelewa kujibu, programu zikakataa kufunguka duniani kote. Waliozima Wi-Fi waliona kompyuta imepona, maana isipopata mtandao haiulizi.

Kwamba mwaka 2017 mtu yeyote angeweza kuingia kwenye Mac yenye High Sierra kwa kuandika jina root na kuacha nywila wazi? Ilitangazwa hadharani tarehe 28 Novemba. Kiraka kilitoka kesho yake, na kiraka hicho kikavuruga kushirikishana faili. Haraka ina baraka zake na ina gharama zake.

Kwamba iOS 8.0.1 ilidumu takriban saa moja? Septemba 2014 iliziondolea iPhone 6 mtandao wa simu na utambuzi wa kidole. Apple ikaivuta, na siku moja baadaye ikatoa 8.0.2.

Na ile imani kwamba masasisho huzipunguzia iPhone kasi? Kwa sehemu, ilikuwa sahihi. Toleo la 10.2.1 la Januari 2017 lilipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Apple ilikiri Desemba mwaka huo. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaambia wateja. Betri mpya ilikuwa inarudisha kasi.

Simu nyingi za Android, kwa upande wake, zina ujanja ambao ningependa kuuona kila mahali. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, simu inaweza kuwa na vyumba viwili vya mfumo. Unatumia kimoja, sasisho linafungwa kwenye cha pili. Ukiwasha upya, unahamia. Chumba kipya kikigoma, simu inarudi kile cha zamani bila kukuuliza.

Ya harakaharaka

Je, wajua kwamba saa ya kompyuta ya Juba ilihitaji sasisho? Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, ikaachana na majira ya Nairobi. Kompyuta ambayo haikupata habari hiyo iliendelea kuwahi kwa saa moja.

Kwamba kosa 0x80070070 maana yake ni diski imejaa tu? Futa filamu.

Kwamba kosa 0x80070643 la Januari 2024 halikuwa kosa la mtumiaji? Sasisho KB5034441 lilitaka MB 250 za nafasi kwenye kizigeu cha ukarabati, ambacho kwenye kompyuta nyingi kilikuwa kidogo mno. Watu walijaribu tena na tena bure.

Kwamba Windows 10 ilipokuwa mpya, mwaka 2015, ujumbe wake mmoja wa kosa ulisema "Kitu kimetokea", basi? Chini yake, kwa ufafanuzi zaidi, yalirudiwa maneno yaleyale.

Kwamba sasisho la Windows la Agosti 2024 liliwafungia nje ya Linux baadhi ya watu wenye Windows na Linux kwenye mashine moja? Suluhisho kamili lilipatikana Mei 2025.

Kwamba sasisho la Windows 11 la tarehe 14 Oktoba 2025 lilizima kipanya na kibodi za USB ndani ya chumba cha ukarabati, mahali unapokwenda sasisho likikuharibia? Wiki haikuisha vizuri kabla ya kiraka cha dharura.

Kwamba jirani akipata toleo jipya nawe hujapata, huenda unalindwa? Microsoft huzizuia mashine zenye draiva au programu inayojulikana kugombana na toleo hilo. Usililazimishe.

Kwamba masasisho yenye alama ya hiari au ya majaribio, yanayotoka mwishoni mwa mwezi, ni ya Jumanne ijayo yakijaribiwa? Waachie wenye mashine ya ziada.

Kwamba ukurasa wa intaneti unaokwambia Windows yako imepitwa na wakati ni uongo? Mwaka 2022 programu ya utekaji ya Magniber ilisambazwa kwa vazi la sasisho la Windows 10. Sasisho la kweli hutoka kwenye mipangilio ya kompyuta yenyewe, na halikuombi namba ya simu wala malipo.

Njia ya kurudi

Je, wajua kwamba ukipanda toleo jipya la Windows, la zamani linabaki ndani ya diski kwa siku 10? Limo kwenye folda ya Windows.old. Ndani ya siku hizo, sehemu ya urejeshi kwenye mipangilio ina kitufe cha kukurudisha ulikotoka, na faili zako zinabaki. Mwanzoni muda ulikuwa siku 30; Microsoft iliukata mwaka 2016. Kuna amri ya kuuongeza hadi siku 60, fundi anayeijua ataiandika dakika moja, mradi umwite kabla muda haujaisha. Anayekuja kukusafishia kompyuta ili ipate nafasi, folda hiyo huwa ndiyo anayoifuta kwanza. Mzuie.

Sasisho la kawaida la mwezi ni rahisi zaidi: fungua historia ya masasisho, liondoe lenyewe kwa namba yake ya KB. Windows isipowaka kabisa, izime kwa kitufe cha umeme mara mbili tatu inapojaribu kuwaka, nayo itakupeleka kwenye chumba cha ukarabati, ambako utaweza kuondoa sasisho la mwisho. Sauti, kamera au Wi-Fi ikipotea, shaka iende kwa draiva kwanza. Nayo inaweza kurudishwa kwenye toleo lake la awali.

Pia unaweza kusimamisha masasisho hadi siku 35, tangu mwaka 2019, hata kwenye Windows ya nyumbani. Ninavyoona, wiki moja inatosha: kasoro kubwa za Jumanne nyingi huwa zimejulikana kufikia Jumanne inayofuata. Zaidi ya mwezi ni kuwasubiri wenzake na WannaCry.

Windows 10 imekufa?

Haijafa. Msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na watu binafsi waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza wanapata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa asiyejiandikisha, mashine inaendelea kuwaka kama kawaida, ila matundu mapya hayazibwi.

Suala ni zito kwetu tunaonunua laptop zilizotumika. Windows 11 inataka GB 4 za RAM, GB 64 za diski, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Muuzaji akikwambia ni Core i5, umeambiwa nusu ya habari. Soma namba inayofuata: i5-7200U ni kizazi cha 7, haikubaliwi, i5-8250U ni kizazi cha 8, inakubaliwa. Kwa macho laptop mbili zinaweza kufanana kabisa, na bei zisipishane sana. Iliyo nyuma haihitaji kutupwa. Ubuntu ya muda mrefu huhudumiwa miaka mitano na haidai chipu hiyo.

La mwisho, na ndilo ninaloliombea utekelezaji leo. Kompyuta nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe, na tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 hilo limekuwa jambo la kawaida kwa anayefunga mfumo upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft. Baadhi ya masasisho, kama lile la Windows 10 la Mei 2025, yamewahi kuwaamsha watu mbele ya skrini ya bluu ya BitLocker, ule usimbaji wa diski wa Windows, inayodai namba ya urejeshi yenye tarakimu 48. Asiyekuwa nayo hafungui, na fundi naye hafungui; atakachoweza ni kufuta kila kitu. Namba hiyo kwa kawaida imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, katika ukurasa unaoorodhesha vifaa vyako. Ingia sasa ukiwa bado unaweza, iandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo usiiweke kwenye mfuko wa laptop.